Wafumaji wa Kelele

Asubuhi hii nimeamka na majina sita. Jana nililala na saba.

Nimeyahesabu kwa vidole, nikayahesabu kwa mafundo ya kamba ya neti, nikayahesabu kwa kugonga ukuta mpaka jirani akagonga upande wake kunitaka niache: Pazi, Mtulia, Kondo, Ndimyake, Hidaya, Tatu. Nikifika kwa wa saba ulimi unateleza kama mguu uliokosa ngazi. Ninamjua. Najua kovu la uzi kwenye kidole chake cha shahada. Najua alikuwa akifyonza limau lenye chumvi zamu nzima, na kwamba mtambo wake wa kufumia ulitazamana na wangu. Jina ndilo limeondoka, na limeondoka bila kuaga.

Mtasema, mzee, si jina tu? Nyie mnaosema hivyo hamjawahi kuwa mtu wa mwisho. Kuna mambo duniani yanaishi katika kichwa kimoja, basi, na kichwa chenyewe kimebakiza nywele tatu na sikio linalotoa maji. Makaburi ya hao saba hayapo kwa sababu miili haikurudishwa. Mafaili yao hayapo kwa sababu yaligeuzwa vifungashio vya karanga. Mimi mwenyewe nilijifunzia kusoma kwenye karatasi za karanga, ndiyo maana elimu yangu haina mwanzo wala mwisho, ina katikati tu, tena yenye chumvi. Nikisahau mimi, huyo mtu hakuzaliwa. Mama yake alibeba upepo miezi tisa.

Kitu kimoja kilibaki: umbo. Siku ya kwanza alipoletwa kwenye mtambo wake aliniambia jina lake kwa midomo, bila sauti, kwa sababu ndani ya kiwanda cha nguo sauti ya mtu ilikuwa haina kazi. Mitambo mia nne ilikuwa ikipiga. Ukipiga kelele pale unajichosha kifua, hata wewe mwenyewe hujisikii. Kwa hiyo wafumaji wote tulizungumza kwa midomo, tukasomana kama barua. Tulisengenyana hivyo, tukatongozana hivyo, tukafundishana haki zetu hivyo, na mnyapara anapita katikati yetu na fimbo yake haoni kitu, anaona watu wanatafuna. Umbo la midomo yake ninalo. Asubuhi hii nimeliweka kwenye midomo yangu, nikasimama mbele ya kioo. Kioo kikanionyesha kizee kinatafuna hewa. Mtu hawezi kusoma midomo yake mwenyewe. Andikeni hilo mahali, kwenye karatasi ya karanga ikibidi.

Nikachukua kipaza sauti changu, kile cha bati chenye mdomo kama ua la boga, kisichokuwa na betri tangu zilipolowa mvua, nikashuka kwenda kiwandani, mahali nilipomwona mara ya mwisho.

*

Mji wetu hauna jina. Waliokuwa wakilijua waliambiwa wanyamaze, wakanyamaza vizuri mno.

Juu kilimani wanaishi Wenye Kimya. Si kwamba wao hawasemi; wakikohoa tu, sisi huku chini tunasimama. Ila kimya ni chao. Kila ukutani wamebandika hilo neno, KIMYA, kwa herufi nyekundu: hospitali kimya, ofisini kimya, msibani kimya, na mtoto akizaliwa anapigwa kofi la kwanza alie, la pili anyamaze. Nimekaa miaka mingi nikijiuliza swali moja, na nilipolikuta limeulizwa nusu kwenye karatasi fulani ya karanga nilitetemeka: kimya kinatengenezwa na nini? Mkate unatokana na unga, kitambaa kinatokana na pamba. Kimya je? Kimya kinatokana na kinywa cha mtu. Ukikuta mahali pametulia sana, uliza nani amezibwa.

Nalijua swali, lakini jibu sikuliishi. Mimi, mchochezi, mimi niliyefungwa mara tatu, nilitumia maisha yangu yote kuwaambia watu: nyamazeni kidogo niseme. Hasa hawa vijana wa kiwandani. Waliposafisha lile jengo lililokufa wakaweka humo spika na huo mdundo wao wa mbio, mimi nilikuwa wa kwanza kuandika waraka wa kuwalaani. Nikasema wanacheza juu ya damu. Nikasema ni usingizi wa wanyonge. Nikaubandika mlangoni kwao kwa uji wa muhogo. Ndugu zangu, wakaupenda. Wakauacha pale pale. Hadi leo wanaoingia wanaupapasa kwa mkono kama watu wanaogusa kizingiti cha kwao.

Jua lilikuwa limesimama pale linaposimama siku zote saa nne asubuhi, juu ya bomba la moshi. Ukumbi ule unafunguliwa asubuhi na kufungwa jioni, kwa sababu wenyewe ni watu wa usiku: walinzi, wauguzi, wafagia barabara, waoka mikate, wapakuaji wa soko la mboga. Mji unapoamka wao ndio wanatoka kazini, na badala ya kwenda kulala wanakuja kucheza. Na wana desturi yao. Mlangoni kila mtu anaacha kitu cha kazi yake ya usiku. Nilikuta rungu zimelala, mafagio yamelala, tochi, makoti, beseni moja jeupe, vyote vimepangwa chini ya waraka wangu.

Aliyekaa mlangoni anaitwa Ngwale, mlinzi wa ghala la sukari, mtu mpana mwenye macho ya kukesha. Alinitazama, akatazama bati langu.

"Shikamoo mzee. Hapa wanaingia waliokesha."

"Marahaba. Nimekesha miaka arobaini."

"Hiyo ni zamu ndefu," akasema. "Wamekulipa kweli?" Kabla sijajibu akagonga kipaza sauti kwa ukucha, akasikiliza, akauliza kama hicho ndicho kifaa changu cha kazi, nikiache na vingine. Nikamwambia hakina betri. Akafikiri. Akasema basi si kifaa, ni kofia, niingie nacho.

*

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipoaibika kwa furaha.

Niliingia nikiwa na hasira yangu kamili, nimeikunja vizuri kama shuka la jela. Ukumbi hauna madirisha. Kuna taa moja nyeupe inayopepesa, kuna feni kubwa la zamani la kiwanda, na kuna ukuta wa spika uliopangwa kama matofali ya mtu asiye na fundi. Mdundo ukanipokea kifuani. Haukupitia masikioni, masikio yangu yalikufa nusu zamani, kazi yake kubwa sasa ni kuvalia miwani. Ulipitia kwenye nyayo, ukapanda mifupa ya miguu, ukakaa kwenye meno. Mbio, mbio, mbio, na juu yake kijisauti kimoja cha kinanda kinachorudi, kinachorudi, kama kile kijiti chenye uzi kinachokimbia kushoto na kulia kwenye mtambo, na kila kinaporudi kinaacha mstari mmoja wa kitambaa.

Nikasimama. Nikahesabu, kwa sababu mfumaji hahesabu kwa kupenda, mwili wake wenyewe unahesabu. Midundo mia mbili na ishirini kwa dakika. Mwendo ule ule. Mwendo wa mitambo yetu, siku mafuta yapo na nyuzi hazikatiki. Hawa watoto waliozaliwa mitambo imeshang'olewa na kuuzwa chuma chakavu, wameketi kwenye giza, wamepapasa papasa kwenye kompyuta iliyopasuka kioo, wameutafuta mwendo unaowatosha, na wamesimama palepale tuliposimama sisi. Nani aliwaambia? Sakafu? Nilidhani wanacheza juu ya damu yetu. Kumbe damu ndiyo iliyokuwa inawafundisha hesabu.

Jamani, walivyokuwa wazuri. Sijawahi kusema neno hilo kwenye mkutano. Mfagia barabara mwenye umri wa bibi anatetemesha mabega kana kwamba anapepeta usiku mzima utoke. Mpakuaji wa viazi amefumba macho, mikono imelegea, mikono ile ambayo usiku kucha ilikuwa mali ya mtu mwingine sasa inaning'inia kwake mwenyewe. Hakuna anayemtazama mwenzake kwa kumpima. Hakuna wa mbele. Mdundo unakwenda haraka kuliko amri. Ukitaka kumwamuru mtu pale, ukishatamka herufi ya kwanza mwili wake umeshapita midundo minne, umechelewa, bwana mkubwa, umechelewa. Nikaelewa kwa nini Wenye Kimya wanauchukia. Wanasema ni kelele. Uongo. Wanauchukia kwa sababu haungoji.

Na mwanga ulipopepesa nikaona mitambo. Safu kwa safu. Ukizima ni wachezaji, ukiwaka ni wafumaji. Ukizima ni leo, ukiwaka ni ile zamu ya kwanza, na mimi kati yao sijui nina meno mangapi. Mtambo unaotazamana na wangu ulikuwa na mtu. Alikuwa na limau shavuni. Nikajaribu kumwita, nikakumbuka kwamba nimekuja bila jina lake.

Pembeni yangu walikuwa wasichana wawili. Mmoja alikuwa na sare ya uuguzi imefungwa kiunoni. Nilikuja kujua anaitwa Tulakela. Walikuwa wanaongea. Mbele ya spika zile, ambapo hata radi ingeomba radhi, walikuwa wanaongea bila kukaza shingo, bila kusogeleana masikio, midomo tu, na mmoja akacheka. Nikasoma. Yule wa pili alisema mpenzi wake amemwandikia ujumbe mrefu, na Tulakela akamwambia ujumbe mrefu ni dalili ya ugonjwa, amlete wodini.

Nikasogea, nikauliza kwa midomo, kwa lugha ambayo nilikuwa sijaisema tangu mitambo isimame: nani amewafundisha?

Hakushtuka. Akanijibu kwa midomo, polepole kidogo kwa heshima ya mvi: "Hakuna, babu. Ukikaa humu unajua tu. Sogea, umesimama njia ya feni."

*

Lazima nikiri sasa, kwa sababu nikiendelea mtaniona mtu mwema.

Ule mgomo tuliupanga ndani ya kelele. Miezi minane. Midomo kwa midomo, mtambo kwa mtambo, hadi watu elfu moja wakawa na neno moja, na hakuna mnyapara aliyenusa. Kelele ilitufunika kama blanketi la mama mmoja. Wajumbe walikuwa saba, na hakuna aliyejua saba ni akina nani isipokuwa wenye kujua. Mimi sikuwa mjumbe. Mimi nilikuwa msomaji wao, mtu wa karatasi za karanga, na ilinikera. Nilitaka kusikika. Siku ilipofika mpango ulikuwa mitambo iendelee kupiga huku sisi tumekunja mikono, iendelee bila uzi, ifume hewa, mpaka wao wenyewe waje kutuuliza. Mimi nikaona haina heshima. Nikaona jambo kubwa linataka kimya. Nikaenda kwenye ukuta, nikashika mkono wa swichi kuu, nikaushusha.

Mitambo mia nne ikafa. Hamjui kimya kile. Tulisikia maji kwenye mabomba. Nami nikapanda juu ya furushi la pamba, nikasema kwa sauti yangu nzuri, sauti ambayo wengi walikuwa hawajawahi kuisikia: Ndugu zangu, wajumbe wetu ni hawa. Nikawataja. Kwa fahari, jamani, kwa mapenzi. Mmoja mmoja, kama mtu anayepanga vikombe vya wageni.

Wa saba alikuwa akinitazama kutoka kwenye mtambo wake, anatikisa kichwa. Midomo yake ilisema: washa. Washa. Niliisoma vizuri kabisa. Nikamtaja.

Wanyapara walikuwa na masikio, na kwa mara ya kwanza walikuwa na kitu cha kusikia. Kesho yake mitambo saba ilikuwa haina watu.

Basi.

*

Mbele kabisa, juu ya meza ya chuma, alikuwepo mwenye kuuendesha mdundo. Jina lake Sikudhani. Usiku anaoka mikate. Unga ulikuwa bado kwenye nyusi zake, mweupe kama mtu aliyezeeka kwa utani. Mkono mmoja kwenye kompyuta, mwingine hewani unakanda. Nikajipenyeza hadi kwake na nikafanya kile nilichokifanya maisha yangu yote. Nikamwambia kwa midomo: "Zima kidogo, mwanangu. Nina neno na hawa watu."

Akanitazama kwa upole ambao uliniudhi. Akajibu, mkono haujaacha kukanda: "Babu, mimi huwa sizimi. Ukiwa na neno, liseme humo humo."

Nikageuka nimekasirika. Humo humo wapi, neno la mtu litakaaje kwenye mafuriko? Na nilipogeuka tu, mdundo ukakatika.

Wao wanajua. Kila wimbo wao una pengo hilo, wanaliita pumzi: mdundo unakatwa ghafla, watu wote wanasimama kama walivyo, mikono juu, wameshika hewa kifuani, na baada ya kitambo kifupi unarudi na nguvu mara mbili. Mtoto wa mwezi mmoja humo ndani anajua. Mimi sikujua. Mimi nilidhani nimepewa. Nilidhani, mjinga mimi, kwamba Sikudhani amenihurumia, na kwamba baada ya miaka arobaini umma umenyamaza kunisubiri. Nikapanda juu ya spika kwa magoti, nikaweka bati mdomoni.

"Ndugu zangu," nikasema.

Watu mia mbili wakanigeukia, mikono juu. Hakuna aliyezomea. Nikaanza kutaja, maana nilikuwa na hicho tu: Pazi. Mtulia. Kondo. Ndimyake. Hidaya. Tatu. Sauti yangu ikagonga ukuta wa mbali ikanirudia, na iliporudi niliitambua. Ilikuwa ile ile. Furushi lile lile la pamba chini ya miguu, kimya kile kile, na majina yale yale ninayamwaga kwenye kimya kwa mara ya pili. Nikasikia maji kwenye mabomba. Nimeshusha swichi tena, nikawaza. Nimewataja tena. Na wa saba hayupo hata wa kutajwa.

Nikashusha bati.

Pumzi ile ilikuwa imepita kipimo chake. Niliona vifua vikitikisika kwa kuzuia hewa. Sikudhani alikuwa na kidole juu ya kitufe, alichopaswa kufanya ni kukibonyeza tu, nami ningezolewa na mdundo kama jani na mambo yangeisha. Hakukibonyeza. Alinitazama na unga wake kwenye nyusi, akiwa ameubeba mdundo wa watu wote kwenye ncha ya kidole kimoja, akanipa ishara ya kidevu. Sema.

Sikuwa na sauti ya kusema kitu nisichokijua. Nilikuwa na umbo. Basi nikaliweka mdomoni kama alivyonipa mwenyewe siku ya kwanza: kwanza midomo ikasogea mbele, mviringo, ulimi nyuma ya meno. Ikafumba. Ikafunguka mviringo tena. Ikatanuka mwishoni kidogo, kama mtu anayeanza kutabasamu akaghairi. Bila sauti. Mara moja. Mara mbili. Kizee kinatafuna hewa mbele ya watu mia mbili.

Tulakela alikuwa wa kwanza. Aliegemeza kichwa upande, kama anavyofanya, nadhani, kwa mgonjwa aliye na koo lililopasuliwa. Midomo yake ikanifuata. Ikasita katikati, ikarudia. Kisha ikalitoa zima, bila sauti, na mimi kwa upande wangu wa mtambo nikalisoma kama barua iliyochelewa.

Alimgeukia wa nyuma yake, naye akamgeukia wake. Likaenda safu kwa safu, kama neno la mgomo lilivyokwenda, mfagia barabara akampa mpakuaji wa viazi, mpakuaji akampa Ngwale aliyekuwa ameacha mlango, na hakuna mtu kilimani, hata angekuwa na masikio ya popo, ambaye angesikia kitu. Midomo mia mbili ikasogea mbele, ikafumba, ikafunguka, ikatabasamu ikaghairi.

Somoe.

Alikuwa anaitwa Somoe. Nilikaa chini juu ya spika, bati likadondoka. Sikulia, niliwahi kujifunza jela jinsi ya kutolia. Nilimtazama Sikudhani, na neno alilonipa Somoe miaka arobaini iliyopita, lile nililolisoma vizuri nisilitii, hatimaye nikalipeleka lilikotakiwa kwenda.

"Washa," nikamwambia kwa midomo.

Akabonyeza.